Kwa nini Wakorea walichonga mbao na fotokopi zilikuwepo?

Chapa_Bondeni

Assalam aleikum jamani. Mimi nachapa tisheti kwa skrini hapa Bondeni, Mombasa, za harusi, za kampeni, jezi za timu za mtaani, hayo hayo. Wiki jana kanijia kijana wa chuo na picha kwenye simu ataka nimchapie tisheti 30. Picha nyeusi na nyeupe tupu. Kijana mmoja kichwa kimemlegea damu yamchuruzika usoni, mwenziwe amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Mistari minene kama imechorwa kwa panga. Nikadhani katuni, akanambia la, hiyo ni ya Korea Kusini mwaka 1987, ilichongwa kwanza kisha ndo ikachapwa, na miaka hiyo kulikuwa na watu wengi wakichonga mbao kuipinga serikali ya wanajeshi.

Hapo ndo nikakwama. 1987 babangu anambia hata hapa mjini fotokopi zilikuwepo. Korea nao walikuwa washaanza kuuza magari nje, mwaka unaofuata wakaandaa Olimpiki. Sasa mtu ana mashine zote hizo ashike patasi achonge ubao kutwa nzima ili atoe karatasi moja moja, mbona wajitese? Ni ufukara, ni mila, au ni madaha ya wasanii tu? Na ile mistari michafu michafu ni kusudi ama mkono haukujua? Mwenye kujua anifahamishe, maana tisheti nishachapa na kila nikiziangalia swali lanirudia.

binti_Majengo

Waaleikum salam kaka. Nilisoma historia chuoni na hii ilikuwa sehemu ya kazi yangu ya mwisho kwa hivo utanisamehe nikirefusha.

Huyo aliyelegea ni Lee Han-yeol, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Yonsei, Seoul. Tarehe 9 Juni 1987 wako langoni mwa chuo wakiandamana, polisi wakafyatua vitoa machozi, mkebe ukampata kichwani. Mpiga picha wa shirika la habari la Reuters akanasa pale pale mwenzake amemshika. Choi Byung-soo akaiona ile picha gazetini akaichonga, wanafunzi wakazichapa na kuzibandika vifuani, kisha ikakuzwa ikawa pazia kubwa kama mita 10 kwenda juu likaning'inizwa kwenye jengo la wanafunzi, limeandikwa kwamba Han-yeol aokolewe. Alikuwa bado yu hai hospitalini hajitambui. Akafariki tarehe 5 Julai.

Ya fotokopi sasa. Mashine ya fotokopi ni ya mtu, si ndio? Ina duka, ina leseni, ina mwenyewe ambaye ana watoto na hataki mambo. Matbaa vile vile. Jenerali Chun Doo-hwan aliingia kwa mapinduzi Disemba 1979, na mwaka uliofuata, Julai 1980, serikali ikafuta majarida 172 kwa mkupuo mmoja. Kabla ya hapo, Mei, ndo yakatokea ya Gwangju. Mji mzima umeinuka, wanajeshi wanapiga watu barabarani, ukifungua televisheni hakuna kitu, vipindi vinaendelea kama kawaida. Watu walikasirika mpaka wakakichoma moto kituo cha televisheni cha hapo hapo mjini. Tarehe 27 Mei jeshi likaurudisha mji, na baada ya hapo ukisema habari za Gwangju hadharani umejitafutia.

Katika waliokuwa mle ndani alikuwepo mchoraji anaitwa Hong Song-dam, kijana tu, kazaliwa 1955 visiwani upande wa kusini. Huyo akaanza kuchonga alichokiona. Zikawa chapa 50, zajulikana kama mfululizo wa Alfajiri. Na usidhani zote ni maiti na bunduki, zile za kunitoa machozi mimi ni za akina mama wa sokoni wakifinyanga madonge ya wali kuwapa vijana waliopanda malori. Ile ni kama ungeona akina mama wa soko la Kongowea wamewasha meko, hakuna anayeuliza nani atalipa.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki: mwaka 1983 Hong na wenzake walifungua pale pale Gwangju shule ya sanaa ya wananchi, na walichokuwa wakifundisha ni kuchonga mbao. Wanafunzi wenyewe ni watu wa kawaida, wafanyakazi, akina mama wa nyumbani, wanafunzi. Hawa hawakuja kuwa wasanii. Walikuja wajue kuchonga walichokiona wenyewe, kwa sababu gazeti halikusema. Sasa nambie ungewafundisha watu hao rangi za mafuta kwa miezi mingapi? Ubao na kisu, wiki moja mtu atatoa kitu.

Fundi_Kibokoni

Kijana wa Bondeni, mimi nachonga milango tangu nina miaka 14, Kikorea sijui hata neno lakini ubao naujua, nisikize.

Swali lako la mistari michafu. Mlango wa kwetu ukiuchonga, jicho laona kile ulichokichimba na kile ulichokiacha pamoja, kuna kina, kuna kivuli, mwanga wa jua wacheza humo, ua laonekana kama latoka nje. Ubao wa kuchapia haujui hayo. Ule wajua mambo mawili tu, juu na chini. Kilichoachwa juu chapata wino, kilichochimbwa chabaki cheupe. Hakuna kati. Kwa hivyo huchongi picha, wachonga pasipo na picha, mstari mweusi ni ile mbao uliyoiogopa usiiguse. Ukifanya mstari mwembamba sana kwenye mbao ya kawaida utakatika ukichapa mara mia. Hivyo mstari mnene si kutojua, ndo mstari unaoishi.

Na ule mkwaruzo mkwaruzo unaouona kwenye sehemu nyeupe, hizo ni alama za bobari, ile patasi ya ncha ya mviringo. Fundi angeweza kuzilainisha. Hawa wameziacha. Nimetizama hizo picha jana kwa simu ya mwanangu, mtu alichimba kwa haraka na kwa hasira na hakutaka kuficha. Mimi mwanafunzi wangu akiniachia alama hizo kwenye mlango namrudisha kwenye msasa, lakini pale zimekaa mahali pake. Uso wa mama aliye na huzuni ukiulainisha wageuka uso wa mdoli.

Kitu kingine, huhitaji mashine kuchapa. Paka wino kwa rola, weka karatasi, sugua na mgongo wa kijiko. Basi. Umeme ukatike usikatike.

nyali_kavu

Samahani wakuu lakini naona mnaitilia chumvi. Kilichowaangusha wale majenerali ni watu barabarani na ile PICHA, fotografu, iliyochapwa magazetini na kuzunguka dunia. Mchongo ni nakala ya fotografu, dada mwenyewe ameshakiri. Bila Reuters hakuna tisheti. Halafu kusema ukweli ukiziangalia hizi kazi kumi kwa mpigo zinafanana zote, ngumi juu, mdomo wazi, kitambaa kichwani, mkulima ana misuli kama bondia. Kama ni propaganda semeni propaganda.

binti_Majengo

@nyali_kavu mbona waja na moto hivo 😄 haya tuongee.

La nakala sikubaliani nawe. Picha ya gazetini waitazama, wasema maskini, wafungua ukurasa wa mpira. Ukishaibandika kifuani ukatoka nayo barabarani polisi wamepanga mstari mbele yako, hiyo si picha tena, umejitaja. Na tena angalia alichokitoa. Kwenye fotografu kuna moshi, kuna fujo nyuma. Choi akafagia vyote akabakiza miili miwili na damu. Yule aliyeshikwa akawa mtoto wa kila mtu.

La kufanana nakupa nusu. Zipo nyingi kweli za ngumi na mkulima bondia, ilikuwa harakati, si maonyesho ya mashindano. Lakini mtafute Oh Yun ndo urudi hapa. Huyo kazaliwa Busan 1946, babake mwandishi wa hadithi, chuoni alisomea uchongaji wa sanamu, na alikuwa katika wale walioanzisha kundi la Ukweli na Usemi mwaka 1979. Watu wake hawapigi ngumi. Wanacheza ngoma, wana nyuso za vinyago vya ngoma za kijijini, kuna mmoja anacheza na upanga, mguu uko juu mkono umekunjika, umesimama tuli kwenye karatasi lakini waapa umeona umejigeuza. Wakati wenzake wa makundi ya kisasa Seoul wakiiga turubai za New York zisizo na mtu hata mmoja ndani yeye alikwenda kutazama michoro ya mahekalu ya Kibuddha na michezo ya vinyago akasema hapa ndo penye mkono wetu. Alifanya onyesho lake la kwanza la peke yake 1986 na mwaka huo huo akafa, ini, hata miaka 41 hakufika.

Na hapo ndo la mila linaingia, kaka Bondeni uliuliza. Wakorea kuchapa kwa mbao ni jambo la karne na karne. Kule hekalu la Haeinsa kuna mbao zaidi ya 80,000 za maandiko ya Kibuddha zilizochongwa karne ya 13, Wamongolia wakiwa wamevamia nchi, watu wakachonga kama dua. Mpaka leo ziko rafuni. Kwa hivyo mtu wa Gwangju akishika ubao 1983 hajaanza jambo jipya, ingawa ukweli ni kwamba jicho lao walilipata pia kwa mchapaji Käthe Kollwitz wa Ujerumani na vijana wa Kichina wa miaka ya 1930 aliowafungulia njia mwandishi Lu Xun pale Shanghai.

Maalim_Mstaafu

Salaam. Wajukuu zangu, mmenikumbusha.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu wa sekondari, shule siitaji. Tulikuwa na mashine ya saiklostaili ya kuchapia mitihani. Ghafla ikahamishwa kutoka chumba cha walimu ikawekwa ofisini kwa mkuu, ikafungiwa, na karatasi zikawa zahesabiwa, umechukua 200 uandike 200, umeharibu 6 uzirudishe hizo 6 zilizoharibika. Hatukuambiwa kwa nini. Tulijua. Ilikuwa ni wakati wa karatasi za Mwakenya, kundi la siri lililompinga rais Moi, watu wakichukuliwa usiku Nairobi na kupelekwa kuteswa vyumba vya chini vya jengo la Nyayo House. Mwenzetu mmoja alikuwa na taipureta yake ya nyumbani, herufi e yake imepinda kidogo, akaitia kwenye gunia akaizika shambani kwao. Hakuwa ameandika lolote zaidi ya barua za kuomba kazi. Lakini e ile imepinda, na kama iko karatasi mahali yenye e iliyopinda utamweleza nini mtu?

Kwa hivyo kijana akiuliza mbona hawakutumia fotokopi mimi nacheka kidogo, si kwa dharau. Nyinyi mmekua na simu mfukoni. Wakati ule mashine ilikuwa kama bunduki, yajulikana iko kwa nani.

Ila ndugu fundi niruhusu nikuulize, ubao nao si una mwandiko? Mkono wa mtu si wajulikana?

Fundi_Kibokoni

Shikamoo Maalim. Wajulikana sana. Mimi nikipita Mji wa Kale naweza kukwambia mlango huu ni wa fulani na huu ni wa mwanafunzi wake aliyekuwa akivivia kazi. Ukitaka kumficha fundi mpe watu hamsini wachonge, hapo utachanganyikiwa. Labda ndo maana walifungua shule, hilo mimi nakisia tu.

binti_Majengo

Shikamoo Maalim. Hiyo ya e nimeikopa, nitaitumia.

Na kweli mikono yao ilijulikana. Julai 1985 vijana waliweka onyesho Seoul, polisi wakavamia, wakachukua kazi na kukamata wasanii. Wenzao badala ya kutawanyika wakaunda chama Novemba mwaka huo huo. Hong naye zamu yake ikaja 1989, wakati hata uchaguzi ushafanyika na watu wanaambiana kuna demokrasia. Slaidi za picha kubwa ya pamoja ya wasanii zilipelekwa Pyongyang, Korea Kaskazini, kwenye tamasha la vijana, akakamatwa kwa sheria ya usalama wa taifa, akateswa kwa maji, akafungwa, hadi 1992 ndo kutoka.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha yule yule Choi Byung-soo wa tisheti zako. Huyo hakuwa mchoraji. Alikuwa seremala! 1986 marafiki zake wachoraji walikuwa wakichora ukutani Seoul, yeye kaitwa kusaidia mambo ya ngazi na jukwaa. Polisi wakaja wakawazoa wote. Kwenye kuandika maelezo, kazi yako nini, seremala, hapana, umekamatwa na wachoraji, andika mchoraji. Basi tangu siku hiyo ndo akawa mchoraji, mwenyewe alikuwa akitania kwamba serikali ndo iliyompa cheo. Mwaka mmoja baadaye akachonga Han-yeol.

nyali_kavu

Hiyo ya seremala nimeicheka peke yangu kwenye matatu watu wananiangalia 😂 haya nimepunguza moto. Oh Yun nimemtafuta, yule wa upanga sawa, nakubali, sio bondia. Na kuna mwingine Lee Chul-soo, alianza nao hao hao wa harakati lakini kazi zake za baadaye ni kajani kamoja, mtu analima, nafasi nyeupe kubwa. Hizo ndo zangu.

Swali langu moja, Juni 1987 walishinda au hawakushinda? Maana dada umesema Hong kafungwa 1989.

Maalim_Mstaafu

Hilo acha nikujibu mimi kwa kuwa twalijua kwa uchungu. Tarehe 29 Juni 1987 Roh Tae-woo, mtu wa Chun mwenyewe, alitangaza wamekubali wananchi wamchague rais moja kwa moja. Watu wakafurahi. Disemba uchaguzi, wapinzani wakubwa wawili, Kim Young-sam na Kim Dae-jung, kila mmoja ataka yeye, wakagawana kura, na Roh huyo huyo akapita kwa asilimia 36 hivi. Sasa nenda kaangalie Kenya 1992, chama cha upinzani cha Ford kimepasuka vipande, Moi kapata ngapi. Thelathini na sita hivi. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza niliweka miwani chini.

Wale Kim wawili baadaye wote waliukalia urais, mmoja baada ya mwingine. Na Chun alipelekwa mahakamani miaka ya 90 akahukumiwa, kisha akasamehewa.

Chapa_Bondeni

Wallahi mmenisomesha bure, nilitaka jibu la mistari miwili.

Juzi usiku baada ya kufunga duka nikasema ngoja nijaribu. Nikachukua kipande cha mpira wa soli kwa fundi viatu jirani, kikatio cha kawaida cha karatasi, nikachonga HAKI kwa herufi kubwa. Nimejikata kidole mara moja tu. Nikapaka wino wangu wa skrini nikasugua na kijiko kama fundi alivosema. Yatoka IKAH. Kumbe H na A na I hata ukizigeuza ziko vile vile, ni K ndo iliyoniumbua, imetazama nyuma kama imenikasirikia. Na wino wenyewe ulianza kukauka kwenye mpira kabla sijaweka karatasi ya tatu.

Lakini niwaambie ukweli, ile karatasi ya pili, mbovu mbovu hivo hivo, nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi. Miaka tisa nachapa sijawahi kubandika kazi yangu ukutani. Ile tisheti ya Han-yeol niliichapa dakika moja kila moja sikuona chochote mle ndani, sasa najua ni sehemu gani mtu aliinua kisu.

Fundi, ubao gani wafaa? Na wino?

Fundi_Kibokoni

Hongera kwa kidole. Mvule usiuharibu kwa mchezo na mbambakofi utakuvunja mkono. Anza na plaiwudi laini, ipige msasa, tizama ulalo wa ubao, chonga ukifuata usichonge ukipinga. Maneno yaandike kwanza kwenye karatasi nyepesi inayopenya mwanga, igeuze upande wa pili, ndo uyaige kwenye ubao, K itatazama inakotakiwa. Wino wa skrini wakauka kwa sababu una maji, nenda matbaa yoyote waombe wino wa ofseti, wa mafuta, kopo moja litakumaliza mwaka.

Jumamosi baada ya adhuhuri nipo karakana. Njoo na plaiwudi yako lakini, hizi zangu ni milango ya watu.

binti_Majengo

Jumamosi nami nipo fundi, nina bobari ya kuazima?

Fundi_Kibokoni

Ipo. Maalim naye akija tutamtafutia kiti.